Jinsi mume wangu alivyompasua mama yangu jipu bila kumwona uso (Baraka, miaka ya hamsini)

Wakuu, bibi yenu wa Baraka nawasalimu.

Nimesoma nyuzi zenu za zahanati, nikaona nilete ya kwangu. Siongezi chumvi, niliyokwisha kula inanitosha.

Enzi za Wabelgiji mume wangu alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Muuguzi mwingine hakuwepo. Mimi nilikuwa nachemsha sindano na kuosha vidonda.

Siku moja kaka zangu wakamleta mama kwa mtumbwi kutoka Swima. Jipu la paja, limevimba hadi kwenye nyonga. Homa kali, mguu haukanyagi chini.

Sasa shida ikaanza.

Kwetu, mkwe na mama mkwe walikuwa hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Itakuwa paja?

Hospitali ya Fizi iko juu milimani. Mume wangu akaniambia kando kwamba mama hafiki huko akiwa hai. Mama naye akasema afadhali afe kuliko kumvulia mkwe nguo.

(Mnaocheka, hamkumjua mama yangu. Angekufa kweli.)

Nikachukua shuka, nikalitundika katikati ya chumba na kulitoboa tundu. Mama akalala upande huu, mume wangu akakaa upande ule. Kwenye tundu lilionekana jipu tu. Akapitisha mikono.

Mama akaniambia, "Umuambie ule muntu, mikono yake iko baridi."

Mume wangu naye, "Umuambie mama asitingishike."

Shuka lenyewe jepesi, wanasikiana vizuri kabisa. Lakini kila neno lilipita kwangu, nami nililirudia kama lilivyo.

Akapasua. Usaha ukatoka mwingi. Mama akanyamaza, amefumba macho. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa, kimya. Niliogopa sana, sifichi.

Mume wangu akasahau adabu yote, akaita kwa sauti, "Mama! Mama!"

Mama akafungua macho, akanitazama mimi.

"Umuambie niko muzima. Na asiniite tena."

Akapona. Mume wangu hakumwita tena, hata mara moja, na mwiko ukaendelea kama kawaida.

Miaka ikapita, mume wangu akatangulia kufa. Mama, mzee sana, akaletwa msibani. Akaomba sanda ifunuliwe usoni. Akamtazama muda mrefu, mara yake ya kwanza, halafu akasema naye moja kwa moja, bila kunipitia mimi:

"Ile siku nilikukatazaka kuniita. Sasa niite."

Mimi kwenye msiba ule nilikuwa bado sijalia. Hapo ndipo nilipolia.

Funzo langu ni dogo: adabu tunzeni, ila kwenye shuka acheni tundu la kupitisha mikono.

Kwenu wakwe walitibiana vipi? Semeni, mjukuu atanisomea.