Ewald Alipomfundisha Mwigizaji Kufa

Mume wangu Ewald hakai chini. Hata supu anainywa kasimama, jicho dirishani. Vita vimekwisha miaka kumi na zaidi, na bado anazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Vitani alikuwa fundi wa ndege. Kila alfajiri aliwafunga mikanda marubani, vijana wa miaka kumi na tisa ambao chunusi hazijawatoka. Wengi hakuwafungua.

Watu wa sinema walipokuja Munich kutengeneza filamu ya marubani hao, nilicheka. Nchi nzima imefyata ulimi juu ya vita, sasa inataka kuviona kwa tiketi! Wakamwita Ewald awaelekeze, naye akakubali kwa sababu moja tu: Korbinian, mtoto wa marehemu dada yake tuliyemlea, alitaka kujiunga na jeshi jipya la anga. Kumkanya tulimkanya, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

“Maneno hayamwingii,” Ewald aliniambia. “Basi aone kwa macho.”

Siku niliyompelekea mkate na figili studio, nilimkuta akimfokea mwigizaji, kijana wa Berlin mwenye meno mazuri, aliyekuwa akifa ndani ya ndege ya mbao huku nywele zimechanwa.

“We bwana! Unakufa, au unapigwa picha ya pasipoti?”

“Mzee, si niko kwenye picha?”

Watu wakaangua kicheko. Ewald akapanda, akamvuruga nywele, akamwonyesha jinsi vidole vinavyotafuta kifungo cha mkanda visikione, na jinsi sauti ya kijana inavyokatika anapomwita mama yake. Kicheko kikaisha. Mwongozaji wa filamu, kusema haki, alipiga picha vile vile Ewald alivyoonyesha.

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia kwa hasira. Ewald alisimama nyuma, karibu na mlango, hatazami filamu, anatazama kisogo cha Korbinian. Mabega ya kijana yalikuwa yanatikisika. Nikajisemea, tumempata.

Tulipofika kituo cha tramu, Korbinian alikuwa bado anajifuta macho.

“Mjomba, umeniondolea hofu.”

“Hofu gani?”

“Nilikuwa naogopa kufa ovyo, kama mjinga, hakuna anayejali. Lakini yule! Watu wote wale wanamlilia. Kufa hivyo hata mimi naweza. Jumatatu naenda kujiandikisha.”

“Yule ni mwigizaji, mpumbavu wee!” nilipiga kelele, watu wakageuka. “Saa hizi yuko mahali anakula soseji!”

“Mama nawe, kwa makelele!”

Tramu yetu ikaja. Ewald hakupanda. Alikuwa amemshika Korbinian mkono, juu kidogo ya kiwiko, naye ametulia tuli kama nisivyowahi kumwona. Tramu ikaondoka. Ikaja nyingine, nayo ikaondoka.

“Mjomba,” kijana akasema, “unaniumiza.”