Kidole cha Mjomba Masalu

Gitaa la kwanza nililolijua lilinuka grisi ya baiskeli. Mjomba Masalu aliufumua waya wa breki, akachagua nyuzi zilizo nzima, akazikaza kwa koleo mpaka zikalia. Alikuwa mdogo wake mama, hajaoa, anakula kwetu. Tulikaa ng'ambo ya Mwanza, upande wa Kamanga, nyumba yenyewe karibu na maji. Mjomba alipiga taratibu, kwa huzuni, kama mtu anayezungumza na marehemu wake, na watu wazima walimpenda kwa hilo. Mpinzani wake aliitwa Bundala. Huyo alikuwa ametoka kufanya kazi mjini, akarudi na mtindo wa fujo, gitaa linapiga kelele kama bati lililong'olewa na upepo. Vijana wote wakamfuata. Kijiji kikagawanyika vipande viwili. Niliwajua wanawake wa boma moja waliokuwa hawachoti maji pamoja kwa sababu huyu ni wa Masalu na yule ni wa Bundala.

Kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayahitaji hakimu. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakimbilia kule kunakowapendeza. Anayeachwa na uwanja mtupu kashindwa. Magitaa nayo yakashindanishwa hivyo hivyo baada ya mavuno, na kama ilivyo kwenye ngoma, kila upande ulikwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Wa kwetu alimchanja mjomba mikono, akampa na mwiko: asiguse samaki mbichi mpaka mashindano yaishe. Mwiko wa namna hiyo, kwa mtu wa ufukweni!

Aligusa. Nilikuwepo. Mama alikuwa na homa, wavu umejaa, samaki wanaanza kuharibika, na mikono yangu ilikuwa midogo. Mjomba akaangalia huku na huku, akachuchumaa akaanza kuchomoa samaki pamoja nami. Gogogo akamchoma kidole cha kati. Samaki yule ana mwiba mgongoni, na akikuchoma maumivu yanapanda mpaka kwapani. Mjomba aliuma kola ya shati asipige kelele.

"Hukuona kitu," akaniambia. "Umenisikia?"

"Ndiyo, mjomba."

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi. Mashabiki wake wakaja mchana kumsikiliza akifanya mazoezi, nao wakiongozwa na Shija, jitu refu lenye filimbi shingoni. Shija aliushika ule mkono akaugeuzageuza. "Hiki kidole kimefungwa," akasema. "Nani kakifunga?" Mjomba akanyamaza. Angesema neno moja tu pale, mambo yangeishia hapo. Mwingine akadakia, "Mama yake Bundala! Juzi si alipita hapa kuomba moto?"

Mama huyo alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kubanika samaki. Enzi hizo mwanamke mzee mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na siku zake zilikuwa za kuhesabika. Hata sisi watoto tulijua. Tulikuwa tumeshaona nyumba ambazo wenyewe hawapo tena na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwa hiyo Shija aliposema, "Twendeni tukamuulize," na wanaume wakaanza kuokota fimbo, na mmoja akaingia kwetu kuchukua panga letu bila kuomba, nilielewa wanakwenda kuuliza nini. Mkojo ukanitoka nimesimama. Nilimtazama mjomba. Alikuwa anatazama gitaa.

"Ni gogogo," nikasema.

"Nini?"

"Ni gogogo kamchoma. Kwenye wavu wetu."

Shija akainama mpaka nikasikia harufu ya pombe. "Nani kakufundisha kusema hivyo, wewe? Kakutuma yule bibi?" Nilijua kabisa kwamba fimbo zitaanzia kwangu. Hapo mama akatoka ndani amejitanda blanketi, homa bado inamtetemesha, akaukamata mkono wa mdogo wake bila kumwangalia usoni. Akakikamua kile kidole, mjomba analia kama mtoto, mpaka kikatoka usaha na kipande cha mwiba. Akakiweka kwenye kiganja cha Shija. "Haya," akasema. "Mchukueni huyo gogogo mkamuulize."

Hakuna aliyecheka. Shija alimgeukia mjomba. "Umevunja mwiko, Masalu. Umetuuza." Wakalikanyaga gitaa mpaka likawa vijiti, panga wakalitupa mlangoni wakaondoka. Mjomba alivuka maji wiki hiyo hiyo, akaenda kufanya vibarua Mwanza, na miaka mingi nilipomwamkia shikamoo aliitikia akiangalia pembeni. Mama yake Bundala aliendelea kuja kuomba moto kama kawaida. Sijui kama aliambiwa. Mimi kila nikisikia sauti yake nilijificha nyuma ya mlango, kana kwamba nimeona mtu aliyefufuka.

Sasa naishi Buswelu kwa mwanangu. Wajukuu zangu wawili wanagombana kila jioni kuhusu wapiga gitaa wa nchi za mbali ambao hawatawaona maisha yao yote. Msichana ni wa muziki wa bluzi, wale wanaovuta uzi mmoja mpaka ulie. Kaka yake ni wa roki. "Wako anapiga kama anasinzia!" "Wako anapasua watu masikio!" Wanatukanana hivyo, halafu wanakula sahani moja. Juzi kijana akasema kuna mpiga bluzi mmoja wa zamani ambaye watu walidai vidole vyake kapewa na shetani kwenye njia panda, na wote wawili wakaangua kicheko.

"Na mama yake," nikauliza, "walimfanya nini?"

Wakanitazama. "Bibi, mama yake anaingiaje hapo?"

Sikuwaeleza. Wamekua mpaka leo bila kujua mama anaingiaje hapo, na sikuona sababu ya kuwafundisha. Niliwaambia wapunguze kelele. Kisha nikanyanyuka nikafunga mlango, majirani wasije wakasikia nyumba yetu inazungumzia mashetani.