Nyimbo Zilizokatishwa na Maji

Lebo yetu ya muziki ilikuwa chumba kimoja pale Newala, ghala la korosho la marehemu baba. Enzi za ruksa zilipoanza, biashara ikaachiwa huru, kila mtu alijiona tajiri mtarajiwa. Huyu kaleta mitumba, yule kafungua duka la soda, mimi nikaagiza deki ya kurekodia kutoka Dar es Salaam, nikapigilia magunia ukutani ili sauti isirudi, nikajiita mkurugenzi. Wanamuziki wangu walikuwa wapiga gitaa wawili kutoka Makote, mpiga ngoma mmoja, na mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji. Sisi wengine tulikuwa tunamsindikiza tu, ingawa wakati ule nisingekubali kusema hivyo.

Adui yetu alikuwa bomba la mtaani. Maji ya Newala yalitoka yanapotaka yenyewe, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, na yakitoka hayangoji mtu. Wa kwanza kuyaona alipiga kelele, "Yametokaaa!" na mtaa mzima ukatimua mbio. Nasi pia. Gitaa linawekwa chini, ndoo zinanyakuliwa mlangoni, wimbo unaachwa katikati. Hakuna aliyekumbuka kuzima deki. Tukirudi tunakuta kanda imefika mwisho, naandika juu yake "mbovu", naitupa kwenye sanduku la bati hadi nitakapopata nafasi ya kurekodi juu yake.

Mwaka wa pili mdogo wangu akaacha kukimbia. Tunarudi tumelowa, tunamkuta ameketi palepale mkekani, ndoo yake kavu. Mimi nina hasira za karibu, na siku moja zilinipanda mbele ya watu.

"Umeshakuwa staa, siyo? Maji unaletewa?"

"Nimechoka tu, kaka."

"Umechoka na nini? Kuimba?"

Mama, aliyekuwa ametoka kuteka maji kwa niaba yake, naye akaongezea kwamba hajawahi kuona mwanamke wa Newala anayeogopa ndoo. Nikamwambia mdogo wangu kama ndoo ni nzito, basi na albamu aiache. Tuliitoa albamu bila yeye, nikaimba mwenyewe. Sauti yangu ile watu wanaikumbuka hadi leo, na si kwa wema.

Yeye akaenda Chiungutwa kwa shangazi. Hata kuaga hakuniaga, nami sikumfuata, nikasema akipoa atarudi. Tulikuja kuitwa kwenda kumzika. Shangazi akatueleza kwamba daktari alisema ni moyo, na ulikuwa unamsumbua siku nyingi.

Arobaini ilipopita mama akanifuata ghalani. Akauliza kama zile kanda nilizoziandika mbovu zipo bado. Zilikuwepo, uvivu wangu ulizinusuru.

"Zitoe," akasema. "Watu wamsikie yeye."

Ndivyo tulivyopata albamu yetu ya pili na ya mwisho: nyimbo nane ambazo hazijawahi kutoka, zote zimekatishwa na maji. Nikajifungia ghalani nizisikilize mchana kutwa. Sikuwahi kuzisikiliza kupita pale kelele zinapoanza, za nini? Lakini ule wa sita ulinikuta nalia, nikachelewa kubonyeza kitufe. Nikasikia "Yametokaaa!", miguu, ndoo zikigongana, kisha kimya. Kisha ndoo moja ikaanguka, na pumzi zake, fupi fupi, za mtu anayejaribu kusimama.

"Kaka," akaita. "Kaka, nisubiri."

Akaita tena, polepole zaidi. Mimi wakati ule nilikuwa bombani, nagombania foleni. Kanda ikazunguka tupu hadi nikadhani imekwisha. Halafu akaudaka wimbo pale tulipouacha, bila gitaa, bila ngoma, akaimba hadi mwisho.

Katika nyimbo zote nane, huo tu ndio uliokuwa na mwisho. Mkurugenzi yeyote mwenye akili angeuweka wa kwanza. Niliurudisha nyuma na kuusikiliza mara nyingi mno, na kila mara nilimfikiria mama na lile neno lake kuhusu ndoo. Mimi nilistahili kuisikia ile sauti. Mama nilimwonea huruma. Nikaukata kwenye "Yametokaaa!" kama nilivyozikata nyingine, na kanda yenyewe nikaificha. Ninayo hadi leo.

Albamu ilipokuwa tayari niliipiga barazani mama aisikie. Alisikiliza amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Wimbo wa sita ulipokatika akainua mkono nisimamishe.

"Siku hii alikuja bombani?"

"Alikuja, mama."

"Na ndoo yake?"

"Na ndoo yake," nikasema. "Ilijaa."