Nguzo Aliyoichagua Mama Nyundo

Injinia mmoja, ambaye mafundi walimwita Mama Nyundo kwa sababu ya nyundo ya kupimia zege isiyotoka mkobani mwake, alikuwa amebakiwa na jengo moja tu la kukagua. Wiki iliyofuata alikuwa anahamia kitengo cha barabara, na huko hakuna maghorofa. Angeweza kumwachia mwenzake, lakini alilidai jengo lile kwa nguvu. Aliyekuwa analijenga ni Mzee Hewala, na Mama Nyundo alitaka kumwona akilibomoa kwa gharama yake mwenyewe, watu wakitazama.

Msimwite mtu wa kinyongo mkaishia hapo. Kinyongo kilikuwa haki yake, na alikilea kama mwana.

Alipotoka chuoni, mama yake alizunguka mtaa mzima kutangaza kwamba mwanawe sasa ni injinia. Kazi ya kwanza akaipata kwa huyo huyo Mzee Hewala, mkandarasi wa maneno matamu, ukimwambia lolote anajibu hewala. Binti akitaka nondo ziongezwe, hewala. Akitaka saruji iongezwe, hewala. Kila siku ya kumwaga zege, mzee alimsogezea toroli moja lililojaa zege zito, safi, akamwambia, "Injinia wangu, chota hapa ujaze vile vichemraba vyako vya maabara." Akajaza. Vikapelekwa kupondwa kwenye mashine ya kupima nguvu, vikafaulu. Asichojua ni kwamba toroli lile lilichanganywa mbali na mengine, na zege lililopanda ghorofani lilikuwa mchanga ulioonjeshwa saruji.

Baraza la ghorofani likaanguka mchana kweupe. Mungu alisaidia, chini hapakuwa na mtu. Mwenye jengo alipofika akihema, Mzee Hewala alimnyooshea binti kidole mbele ya vibarua wote. "Mimi fundi tu, bosi. Hesabu kapiga msomi."

Binti akafukuzwa siku ile ile. Mtaani, wale wale waliompongeza mama yake wakambatiza binti jina la Injinia Bomoa, na mama akaanza kwenda dukani kwa njia ya nyuma. Kila saiti aliyobisha hodi, jina lilikuwa limeshatangulia. Akauza misumari na rangi katika duka la mjomba wake, akimeza kejeli za wateja. Baadaye maabara moja ikamchukua kuponda vichemraba, kazi ya vumbi ambayo wasomi wenzake waliikimbia. Hapo ndipo alipojifunza jinsi mtu anavyolifundisha zege kusema uongo. Alipoingia ukaguzi, hakupokea tena kichemraba cha mtu. Alitoboa nguzo yenyewe, akatoa kipande cha kupima.

Wakandarasi walimchukia, naye akalala usingizi mnono. Ila Mzee Hewala alikuwa na bahati ya mwizi: kila jengo lake liliangukia kwa mkaguzi mwingine. Mpaka hili.

Alimkuta getini, amekonda, kichwa kizima mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Karibu. Vichemraba viko tayari..."

"Kaa navyo. Natoboa nguzo."

"Hewala. Ipi?"

"Nitachagua mwenyewe."

Akachagua ya kona, nyuma ya choo cha vibarua, mahali ambapo mwizi yeyote angeanzia. Mashine ikalia, ikakwama, ikabadilishwa meno. Moyo ukaanza kumwambia asichotaka kusikia. Kipande kilipotoka alikipokea kwa mikono miwili: kizito, kokoto zimeshikana, hakuna hata tundu. Maabara ingesema neno la mwisho, lakini yeye alishajua. Akatoboa nguzo nyingine, mambo yale yale. Alikasirika, tuseme ukweli, akalikasirikia zege zuri.

Ikamjia kuandika kwamba ni bovu. Kalamu anayo, mhuri anao, nani angebisha? Kisha akakumbuka kidole alichonyooshewa, akaona kuwa angekuwa anakinyoosha yeye sasa. Akaandika alichokiona.

"Zege hili umejifunza wapi kulichanganya, mzee?"

Mzee akacheka bila furaha. "Kwako. Tangu niambiwe umeingia ukaguzi na unatoboa nguzo, sijathubutu kuiba hata koleo moja la saruji. Kila nikimwaga zege najiambia, leo ndiyo anakuja. Miaka yote hiyo. Wenzangu wana maghorofa yao, mimi gari nimeuza, na nyumba bado napanga. Faida yangu yote imo humo ndani ya nguzo. Sasa umekuja, umeona. Niache nipumue, mwanangu."

Mama Nyundo alimkumbuka mama yake akikatiza njia ya nyuma na kikapu. Raha ikampanda taratibu. Kumbe alikuwa akilipwa muda wote huo, mfuko kwa mfuko, na hakuna aliyemwambia.

Habari ya kuhamia barabara hakuigusa. Akagonga mhuri, akafunga mkoba.

"Jengo lingine unaanza lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Haya. Siku nitakayokuja hutaijua, mzee."

"Hewala," akajibu. Kabla Mama Nyundo hajalifikia geti, alimsikia akimfokea fundi wake aongeze saruji.