Majani Tisa Mlangoni Kwangu

Niliamka nikakuta majani tisa ya mtini yamegongomelewa mlangoni kwangu kwa misumari.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Kaka yangu ni seremala. Mtaa mzima humwita Msumari.

Alikuwa amesimama uani, nyundo bado mkononi.

"Umemwekea mama sumu!"

Mama alishafariki. Kaka alimaanisha mtini alioupanda mama, ulio kati ya karakana yake na chumba changu. Majani yalikuwa yanageuka manjano na kupukutika.

"Unataka ukauke upate pa kujenga. Nakujua! Kimya kimya, kumbe nyoka."

"Kaka, nimefanya nini mimi?"

"Usiniite kaka. Jumapili shangazi anakuja. Akikuta mti unakufa, wewe unahama hapa."

Na kwetu, shangazi akishasema, hakuna rufaa.

Mambo ya miti nimejifunza mwenyewe, kwa kuua mingi. Nimezoea kuangalia kwanza.

Nikaruka lundo la majani makavu shinani, nikachungulia nyasi. Mbichi kabisa. Sumu ya ardhini ingeanza na hizo. Majani machanga kule juu hayakujikunja. Sumu ya kupuliza ingeyakunja.

Nikarudi mlangoni. Kwa juu, majani yale tisa yalikuwa na madoa tu. Nikang'oa moja, nikaligeuza.

Unga. Wa rangi ya matofali, umejaa mgongoni mwa jani.

Kumbe ni kutu ya majani. Ni ukungu, na hauoti kwenye jani lisilolowa.

Lakini mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Maji yalitoka wapi?

Jioni nikakaa dirishani. Msumari akafunga kazi, akavuta mpira wa maji, akaanza kuosha mti jani kwa jani. Vumbi la mbao lilikuwa limeugandia. Aliosha polepole, kama anayeogesha mtoto mchanga. Majani yakalala yamelowa.

Nimekupata, nikasema moyoni. Jumapili utanijua.

Jumapili shangazi akavuta kiti. "Haya, mabondia. Nani anaanza?"

Msumari akafoka robo saa nzima. Zamu yangu ilipofika, nikamwonyesha shangazi ule unga, nikaeleza kwamba kutu hupenda majani yanayolala na maji.

"Na anayeyalaza na maji ni nani?" akauliza.

Nikamtazama kaka.

"Namwosha mama vumbi langu," akasema. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

Nilijisikia mshindi. Kwa muda mfupi sana.

"Wewe, daktari wa miti," shangazi akasema, "na lile lundo shinani ni la nani?"

La kwangu. Kila asubuhi niliyafagilia pale majani yaliyoanguka, yawe mbolea. Nikaokota moja, nikaligeuza.

Unga uleule.

Yeye aliunywesha ugonjwa. Mimi niliufuga.

"Hahami mtu," shangazi akasema. "Leteni magunia. Wote wawili!"

Tukazoa lundo lote. Tukachuma majani yenye madoa, nikapuliza dawa ya ukungu. Maji sasa yanamwagwa shinani tu, asubuhi. Msumari akahamishia msumeno upande wa pili wa karakana, vumbi lisiufikie mti.

Baada ya wiki tano yakatoka majani mapya, safi juu na chini.

Hajaniomba msamaha. Nami sijamwomba. Ila juzi nimeamka nikakuta matundu tisa ya mlango wangu yamezibwa na kupigwa msasa, huwezi kujua yalikuwa wapi.

Ndugu msomaji, kabla hujamshtaki mtu, geuza jani. Ukishaligeuza la kwake, geuza na la kwako.