Siku Kiongozi Alipoliacha Kundi

Steshenari ya mama Neema, pale Kikuyu, Dodoma, ilikuwa inanukia wino wa moto na karatasi iliyotoka mashineni sasa hivi. Mpaka leo nikipita penye fotokopi najiona nina miaka kumi na mitatu. Hapo ndipo mimi na Zuhura, rafiki yangu wa darasa la saba, tulipokuwa tunachapisha picha za vijana watano wa Korea. Jina la kundi lao silitaji. Mashabiki wake nawajua, watanimaliza. Video tuliingiziwa kwenye memori kadi na kaka mmoja wa kibanda cha jirani, na simu ilikuwa ya mama yangu, niliyoipata kwa kuosha vyombo vya nyumba nzima. Tuliwafuata tangu wanafanya mazoezi kwenye chumba cha chini ya ardhi, wanakula tambi za pakiti, mpaka wakapata tuzo ya kwanza na kujaza viwanja. Tulijivuna utadhani tumewazaa sisi. Maneno ya nyimbo tuliyaandika kwenye kauntabuku kama masikio yetu yalivyoyapokea. Tulipoona mdogo wao anawainamia wakubwa, Zuhura akaruka: "Si unaona, na wao wana shikamoo!" Tangu siku hiyo ikabidi nimwamkie, maana alinizidi miezi miwili. Na nikawa namwamkia kweli, mjinga mimi.

Tulikuwa tunasubiri matokeo ya darasa la saba kiongozi wa kundi alipoondoka. Kumbe alishasaini na kampuni nyingine, huku bado anapanda jukwaani na kuapa kwamba watakuwa watano mpaka wazeeke. Nililia. Zuhura alilia kunishinda, akachukua kalamu na kumkwangua uso kwenye picha zote. "Msaliti mkubwa! Anawaangalia wenzake machoni na huku ameshafungasha!" Hapo hapo akanishika mkono, tukaapiana kwamba sisi hatutafanya vile: tutasoma shule moja, tutakaa dawati moja, liwalo na liwe. Wazo lilikuwa lake.

Matokeo yakatoka. Zuhura alipangiwa shule ya kata, mimi nikachaguliwa shule ya bweni ya wenye vipaji, mkoa wa mbali. Baba yangu, karani wa serikali asiyecheka ovyo, siku hiyo alicheka, akaleta kreti nzima ya soda na kuwapigia simu ndugu mmoja mmoja. Mimi nikamwambia siendi. Weee! Nyumba haikukalika. Niligoma kula, nikalia wiki mbili, mpaka mama akamsihi aniache. Baba akaenda ofisi ya elimu kuomba nibaki hapa mjini, kwenye shule ile ile ya kata. Aliporudi alivua viatu taratibu, akasema tu, "Haya mwanangu, umeshinda." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza nilimshikia Zuhura nafasi kwenye dawati mpaka kengele ya kutoka. Nikaenda kwao, nikamkuta mama yake anachambua mchele. "Marahaba mwanangu. Zuhura? Mbona yuko Kondoa kwa baba yake mkubwa, anasoma bweni huko. Sare tulimshonea kabla hata matokeo hayajatoka. Kwani hakukuaga?" Nikajibu kwamba aliniaga, ila nimesahau. Njiani ndipo akili iliponikaa sawa: siku anamkwangua yule kijana uso, yeye mwenyewe alikuwa anajua anakwenda.

Miaka imepita, Dodoma imejaa wizara na maghorofa, na kundi lile limerudiana. Kiongozi alipiga magoti jukwaani akawaomba radhi watu asiowajua hata majina. Zuhura naye amerudi, anafanya kazi ofisi moja hapa mjini. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Umewaona wamerudi? Njoo kwangu tuangalie!" Nikamwuliza kama siku tunaapa alikuwa anajua. Akacheka. "Jamani, bado tu? Nilijua, ila ningekwambia ungelia. Tulikuwa watoto, bwana."

Sisemi maisha yangu yaliharibika. Shule ya kata nilimaliza, kazi ninayo, na baba hajanilaumu hata mara moja mpaka leo. Lakini rafiki akiniambia tuko pamoja, najiuliza moyoni ni lini anaondoka. Kwa Zuhura sikwenda. Niliiweka simu chini, nikalia kile kilio nilichomficha mama yake.