Shawa Kubwa, Waya Nyembamba

Asubuhi moja ya Julai 1984, mama ambaye sikuwa nimewahi kumsalimu alimleta fundi avunje mlango wangu kule mtaa wa Umoja, Nairobi.

Sikuwa nimepiga kelele. Hakuna aliyemwambia kwamba nilikuwa ndani nakufa.

Tulieni niwaambie alijuaje.

Naitwa Mativo. Wakati huo nilikuwa karani wa stoo Industrial Area, miaka ishirini na minane, na upweke ulikuwa unanimaliza. Nikitoka kazini Ijumaa, mtu wa kuniita jina tena ni supavaiza, Jumatatu.

Basi nikaamua kujinunulia shawa ya umeme. Msicheke. Asiye na wa kumchemshia maji hujitafutia starehe anapoweza.

Fundi wa stima aliitwa Owino, kibanda chake kilikuwa hapo kwenye kona. Alikuja, akakagua, akatikisa kichwa. Mwenye nyumba alikuwa ameigawa nyumba moja sehemu mbili, mimi upande huu, jirani upande ule, sote tukitumia laini moja nyembamba.

"Buda, hii waya ni ya taa na redio," Owino akasema. "Chukua shawa ndogo. Hiyo kubwa itavuta stima mpaka waya ichomeke."

Lakini ndogo ilikuwa ya maji ya uvuguvugu, na ya uvuguvugu nilikuwa nimeoga maisha yangu yote. Nikanunua kubwa. Owino akakataa katakata kuifunga, nami nikatafuta jamaa mwingine asiye na maswali mengi.

Wiki ya kwanza fyuzi iliungua mara tatu. Kichwa ngumu mimi, nikatoa ule uzi wa fyuzi nikaweka kipande kinene cha waya ya shaba. Haikuungua tena. Nikajiona mjanja.

Kila siku ya kazi saa kumi na moja alfajiri nilisimama chini ya maji moto dakika kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu ya pekee Nairobi.

Miezi minane baadaye, malaria ikanipiga.

Siku mbili sikuweza kuinuka. Nilisikia watu wakipita nje wakiongea, nikajua kwamba nikifa humu nitagunduliwa kwa harufu. Nililia, sitaficha.

Siku ya pili mlango ukavunjwa. Akaingia Owino na mtaimbo, na nyuma yake mama wa miaka kama sitini, kitambaa kichwani. Alikuwa yule jirani wa upande wa pili. Walimwita Mama Bedan. Huyo Bedan mwanawe alikwenda Mombasa na barua haandiki.

Wakanipeleka hospitali. Niliporudi, nikamuuliza alijuaje.

"Ukifungua maji, taa yangu inafifia," akasema. "Mimi huamka mapema nifume sweta. Siku ya kazi ni saa kumi na moja, Jumapili ni saa kumi na mbili. Siku ya kwanza haikufifia. Ya pili haikufifia. Nikamwendea fundi."

Miezi minane yote hiyo mtu alikuwa akisubiri niamke. Mwenye nyumba aliwahi kumuuliza Mama Bedan kwa nini stima inashuka asubuhi, naye akamjibu ni pasi yake. Hakutaka shawa yangu iondolewe.

Ila Owino alikuwa ameshafungua ukuta na dari nikiwa hospitalini. Akanionyesha waya, plastiki imeyeyuka, mbao za dari zimeanza kuwa nyeusi. Wiki chache zaidi tungeungua mimi na yule mama pamoja. Hapo sikubishana. Tukaweka fyuzi ya kweli na shawa ndogo.

Mama Bedan alisimama akiitazama taa yake, imetulia tuli.

"Sasa nitakuwa najuaje umeamka?"

Nikamwambia nitabisha mlango wake nikienda kazini.

Na nilibisha, mwaka na nusu. Nabisha, anajibu "haya, mwanangu," naenda zangu. Siku nyingine chai. Upweke ulinitoka bila kuniaga.

Kisha nikapata nyumba mtaa wa Buruburu, waya mpya kabisa. Lori lilikuja mchana, Mama Bedan akiwa sokoni Gikomba kununua uzi, hajui kwamba nahama. Nikasema nitarudi jioni nimuage. Jioni nikachoka. Nikasema kesho, na mnajua kesho ilivyo.

Mwezi ukaisha, nikakutana na Owino. Hakunipa mkono. Akaniambia kwamba asubuhi baada ya mimi kuhama, Mama Bedan alisubiri nibishe mpaka jua likachomoza. Akaja kibandani kwake, akamwomba avunje mlango wangu tena.

Walipoingia, chumba kilikuwa kitupu.

"Alikaa tu hapo chini kwa floo," Owino akasema.

Nilikwenda Jumapili hiyo. Alinifungulia, akanipa chai, akaniuliza habari za kazi. Hakunilaumu hata kidogo. Ila "mwanangu" sikuisikia tena.

Basi ndugu zangu, kabla hujanunua shawa, mwite fundi aangalie waya za nyumba, na akikuambia chukua ndogo, chukua ndogo. Na ukihama mahali, aga watu. Kosa la waya Owino alilirekebisha kwa siku moja. Hili lingine nimezeeka nalo.